Nani Amezidi Darasani

Laana ya mkondo wa tatu ina kanuni nyingi kuliko shule ya bweni, na ndiyo maana mashabiki wa Another hawaishi kubishana. Katika baadhi ya miaka mtu mmoja huzidi darasani. Aliyezidi ni mtu aliyekwisha kufa. Mwenyewe hajui kwamba amekufa, wenzake hawajui, hata nyumbani kwao hawajui. Rejista, picha na kumbukumbu za watu hujipanga upya ili ionekane alikuwepo siku zote. Akishaingia, kila mwezi hufa angalau mtu mmoja wa darasa hilo au wa familia zao, hadi mwaka wa shule uishe. Baada ya mahafali aliyezidi hutoweka, na watu wakakumbuka ghafla kwamba walimzika zamani. Mashabiki wote wanataka kujua kitu kilekile: nani amezidi?

Nitalijibu swali hilo humu ndani, kwa hiyo anayetaka kubahatisha mwenyewe aishie hapa, aende akaitazame kwanza.

Another ni riwaya ya Yukito Ayatsuji iliyotoka Japani mwaka 2009. Wengi wetu huku tuliikuta kupitia anime ya vipindi 12 iliyotengenezwa na studio ya P.A. Works mwaka 2012. Hadithi inatokea mwaka 1998 katika mji wa kubuni uitwao Yomiyama. Koichi Sakakibara, kijana wa Tokyo mwenye ugonjwa wa mapafu, anahamia kwa babu na bibi yake mzaa mama na kujiunga na mwaka wa tatu wa shule ya kati, mkondo wa tatu. Anamkuta msichana mwenye kitambaa kwenye jicho la kushoto, Mei Misaki, ambaye hakuna anayemsemesha, si wanafunzi wala walimu. Asili ya yote ni mwaka 1972. Mwanafunzi aliyependwa na wote, jina lake Misaki, alifariki, na wenzake wakashindwa kulikubali jambo hilo. Wakaamua kuishi kana kwamba bado yupo. Walizungumza naye, dawati lake likabaki palepale, na ilipopigwa picha ya kuhitimu, naye akaonekana amesimama kati yao.

Baada ya vifo vingi, shule ilipata dawa: kama kuna mmoja amezidi, basi mtoe mmoja. Darasa humchagua mwanafunzi aliye hai na kumfanya hayupo. Hasemeshwi, hatazamwi, haitwi jina kwenye mahudhurio. Kwa lugha yetu ya mtaani, anachuniwa mwaka mzima, kwa makubaliano, walimu wakishiriki. Idadi inarudi sawa, na laana, inasemekana, inatulia.

Inasemekana. Neno hilo nitalirudia, kwa sababu mabishano yote ya mashabiki husimama juu yake bila kulitazama.

Nadharia ambayo kila mtu huanza nayo ni kwamba Mei ndiye maiti. Haongei na mtu, anaishi juu ya jumba la maonyesho ya wanasesere, na Koichi anakutana naye mara ya kwanza kwenye lifti ya hospitali akielekea chumba cha maiti. Ayatsuji anatutegea mtego huo mapema na kuufyatua mapema. Nadharia ya pili humgeukia Koichi mwenyewe: mgeni, mgonjwa, mtu ambaye kumbukumbu zake za mji huo zina mashimo. Kisha wanakuja wanasheria, yaani wale wanaotafuta upenyo kwenye kanuni. Kwa nini wasihame darasa? Walihama, wakaacha jengo la zamani, nayo laana ikahama nao. Kwa nini wasiondoke mjini, ikiwa laana haivuki mipaka ya Yomiyama? Kwa nini wasiwachunie wanafunzi wawili badala ya mmoja, kama mtu anayemeza dozi mbili? Hilo nalo darasa lilijaribu baada ya vifo vya Juni. Koichi akaunganishwa na Mei katika kutokuwepo. Mwezi Julai mwalimu wa darasa akajiua mbele ya wanafunzi wake.

Napenda nadharia za aina hii, na nimekesha nikizijadili hosteli na watu waliokuwa na mtihani asubuhi. Lakini kadiri tulivyobishana ndivyo nilivyozidi kuona kwamba sisi hatukuwa watu wa kwanza kuifanya kazi hiyo. Hakuna hata kanuni moja ya laana hii iliyotamkwa na laana yenyewe. Hakuna kitabu cha kale, hakuna mzimu unaojitokeza kutoa masharti, wala mchawi anayeungama. Kila tunachokijua kinatoka kwa watu walionusurika na kukisia. Mkutubi Chibiki, aliyekuwa mwalimu wa darasa lile la 1972, ameweka faili la vifo vya miaka yote, na yeye hukataa hata neno laana. Anaona ni jambo linalotokea tu, kama maafa ya asili, lisilo na nia wala chuki. Kanuni ya kumtoa mmoja ni dhana ya watu. Kanuni ya kila mwezi ni hesabu iliyofanywa baada ya mazishi. Mashabiki wa kwanza wa Another ni wanafunzi wa mkondo wa tatu wenyewe, ila wao nadharia yao lazima ijaribiwe juu ya mwili wa mwenzao.

Koichi anapowasili, shangazi yake Reiko anamfundisha masharti ya shule hiyo. Ukisikia kunguru akilia ukiwa juu ya paa, rudi ndani kwa kutanguliza mguu wa kushoto. Wanafunzi wa mwaka wa tatu wasianguke kwenye mteremko wa geti la nyuma. Haya mawili ni porojo za kishule, kila shule inazo. La tatu limepangwa humohumo kana kwamba nalo ni porojo: fuata chochote kitakachoamuliwa na darasa, hata iweje. La nne Ayatsuji analificha hadi mwisho, nami nitalifikia. Mshabiki huchangamkia kunguru na mguu wa kushoto, anatafuta maana yake. Sharti linaloua ni la tatu, na halina kitu cha ajabu ndani yake. Ni sharti la kila darasa duniani.

Nimesema shangazi. Nimefanya makusudi, kwa sababu hivyo ndivyo tafsiri za haraka humwita, na neno hilo linaficha kitu. Reiko ni mdogo wake marehemu mama yake Koichi. Kwetu huyo ni mama mdogo. Na hapa kuna kanuni ambayo msomaji wa Kiswahili anaisoma kwa jicho tofauti.

Laana, inasemekana, haiwagusi jamaa wote. Huwafikia walio ndani ya hatua mbili za undugu, kwa hesabu ya Kijapani: mzazi ni hatua moja, ndugu wa tumbo moja ni mbili, babu na bibi mbili. Mama mdogo ni hatua ya tatu, binamu ni ya nne, hao wako nje. Sasa, mwaka huo wa 1998 madawati yalitosha siku ya kwanza, darasa likaamini kwamba mwaka ni salama. Alipokuja Koichi wakaingiwa na shaka, wakaanza kumchunia Mei kuanzia Mei (mwezi na msichana, majina yameangukiana). Koichi hakuambiwa chochote. Akamsemesha. Mwezi huohuo Yukari Sakuragi, kiranja, alianguka ngazini na kufa, na mama yake akafa siku hiyohiyo. Darasa zima likajua mkosaji ni nani: mgeni aliyevunja dawa.

Lakini mwishoni mwa Aprili, kabla Koichi hajakanyaga darasani, alikuwa amefariki msichana mmoja hospitalini, Misaki Fujioka, binamu yake Mei. Hatua ya nne, haihesabiki. Ila Mei na Misaki walikuwa mapacha. Mama wawili, nao mapacha, walipanga mambo yao. Mmoja hakuwa na mtoto, akapewa Mei amlee kama wake. Kwa karatasi ni mabinamu, kwa damu ni mtu na dada yake. Laana ilikuwa imekwisha kuanza Aprili. Koichi hana hatia yoyote, na dawa ilikuwa imechelewa tangu mwanzo.

Kwa Kiswahili fumbo hili lisingefika mbali. Mtoto wa mama mdogo au mama mkubwa ni ndugu yako, humwiti binamu isipokuwa unataka kumtenga. Mei angesema tu, "dada yangu amefariki," na darasa lingefungua daftari la vifo na kuandika Aprili. Nasema hivi kwa utani, lakini si utani mtupu. Mashabiki hujiuliza kwa nini laana inayobadili karatasi zote ikaamua kutokuziamini karatasi za ukoo na kufuata damu. Ni swali zuri. Ninalojiuliza mimi ni jingine: ukweli ambao ungemtoa Koichi lawamani ulikuwa kinywani mwa mtu ambaye darasa lilikubaliana kutomsikia. Kanuni iliyotungwa kuwaokoa ndiyo iliyoziba masikio yao.

Kuna jina la Koichi pia, ambalo ni rahisi kulipita. Mwaka 1997, mwaka mmoja kabla ya hadithi, Japani ilitikiswa na mauaji ya watoto mjini Kobe. Muuaji alikuwa mvulana wa miaka 14 aliyejiita Sakakibara katika barua zake. Koichi hana uhusiano wowote naye, lakini katika shule yake ya zamani jina hilo lilitosha kumfanya adhihakiwe. Ayatsuji angeweza kumpa jina lolote. Alimpa jina ambalo tayari lilikuwa ushahidi usioshuhudia kitu.

Kuna kanuni ya mwisho, ile iliyorekodiwa kwenye kaseti. Mwaka 1983 mwanafunzi aitwaye Matsunaga alimuua mwenzake kwa bahati mbaya wakati wa ugomvi kambini. Maiti ikatoweka, watu wakamsahau, na vifo vikakoma. Aliyeuawa ndiye aliyekuwa amezidi. Matsunaga, akijua kwamba naye atasahau, akajirekodi na kuificha kaseti shuleni. Ujumbe wake ni huu: mrudishe maiti kwenye kifo.

Katika anime kaseti hiyo inachezwa wanafunzi wakiwa kambini, na vipindi vya mwisho ndivyo ambavyo wengi huvilaumu. Ghafla kila mtu ana kisu, jumba linaungua, damu inaruka. Nakubali kwamba mwongozaji anaifurahia damu hiyo kupita kiasi. Kifo cha Sakuragi na mwavuli wake kimekwisha kuwa kichekesho, watu wanakitumiana kama utani, na hilo si kosa la watazamaji peke yao. Hata hivyo siwezi kuungana na wanaosema mwisho huo hauna mantiki. Una mantiki ya kutisha. Kabla ya kaseti, swali la nani amezidi lilikuwa mchezo wa akili. Baada ya kaseti, jibu ni hukumu ya kifo, na idadi ya watu wenye nadharia haijapungua hata mmoja. Teshigawara anamshuku rafiki yake wa utotoni, Kazami. Anampima kwa kumbukumbu ya walivyokuwa wadogo, Kazami hakumbuki vizuri, naye anamsukuma kutoka ghorofani. Kazami hakuwa amezidi. Alikuwa amesahau tu, kama anavyosahau mtu yeyote. Wengine wanamwinda Mei, kwa ushahidi ambao mimi na wenzangu wa hosteli tuliutumia kwenye kipindi cha pili: mkimya, wa ajabu, ana jicho.

Hilo jicho. Chini ya kitambaa Mei ana jicho la mwanasesere, aliwekewa baada ya kuugua akiwa mdogo, na kwa jicho hilo anaiona rangi ya kifo kwa mtu. Nikiwa Mtanzania siwezi kusoma sehemu hii bila kuwakumbuka bibi wa Shinyanga na Mwanza waliouawa kwa sababu macho yao ni mekundu. Macho yaliyoiva kwa moshi wa miaka mingi jikoni, moshi wa kuni na wa mavi ya ng'ombe, yakasomwa kama kanuni: mwenye macho haya ni mchawi. Mtoto amekufa kijijini, ng'ombe wamekufa, lazima awepo mmoja aliyezidi. Mganga anapiga ramli, jina linatoka. Serikali na polisi wameipa ramli hiyo jina ambalo kila msikilizaji wa redio analijua, ramli chonganishi. Mauaji hayo na riwaya ya Kijapani si kitu kimoja, wala sitaki kuyafanya pambo la makala. Ila mpangilio wa fikra ninautambua: kifo kisichoeleweka, kanuni inayoeleza kila kitu, na kiungo cha mwili kinachochukuliwa kama saini.

Ndiyo maana ugomvi wangu mkubwa na Another haumo kwenye damu. Umo kwenye jambo ambalo mashabiki wengi hulipenda: jicho la Mei linasema kweli. Baada ya kurasa nyingi za kutuonyesha kwamba rejista zinadanganya, kumbukumbu zinadanganya, na anayenyooshewa kidole kila mara siye, Ayatsuji anatupa mpiga ramli asiyekosea. Mei anajua aliyezidi ni nani. Ni Mikami, mwalimu msaidizi wa darasa. Mikami ni Reiko. Sharti la nne lilikuwa kwamba shuleni Koichi asimwite kama wanavyoitana nyumbani, atenganishe mambo ya familia na ya kazi, naye kama msimulizi analitii sharti hilo hata kwetu sisi. Kwa hiyo msomaji wa riwaya anaishi na watu wawili, Reiko wa nyumbani na mwalimu Mikami wa shuleni, bila kujua ni mtu mmoja. Alifariki miaka miwili kabla, akiwa mwalimu wa darasa hilohilo. Koichi, kwa kuliamini neno la Mei, anamuua mama yake mdogo kwa sururu.

Na alikuwa sahihi. Vifo vinakoma. Hapo ndipo ninaposhindwa kuimeza hadithi hii yote. Kila aliyeshika kisu kambini aliamini kwa nguvu ileile aliyoamini Koichi, na tofauti pekee kati ya muuaji na mwokozi ni kwamba mmoja alikuwa na chanzo kizuri. Ayatsuji ni mwandishi wa riwaya za upelelezi, alianza mwaka 1987 katika kizazi kilichorudisha fumbo linalochezwa kwa haki, ambapo msomaji anapewa dalili zote. Fumbo la namna hiyo lazima liwe na jibu. Nafikiri utaratibu wa fumbo ulimshinda nguvu mwandishi wa hadithi ya kutisha. Hadithi ya kutisha ilitaka Koichi asijue kamwe kama alimuua aliyezidi au alimuua mama mdogo.

Kinachoniokoa kidogo ni kwamba Mei hakusema. Alijua kwa miezi kadhaa. Alichuniwa, akalaumiwa, akaona wenzake wakifa mmoja mmoja, na jina alikuwa nalo. Katika darasa ambalo kila mtu ana nadharia na anaitangaza, mwenye uhakika ndiye aliyenyamaza. Mashabiki humlaumu sana kwa hilo: angesema mapema, wangepona wengi. Kwa hesabu ni kweli. Lakini jaribu kumwazia msichana asiye na haki ya kusemeshwa akisimama mbele ya darasa na kusema, mwalimu yule ni maiti, nimemwona kwa jicho langu. Ama wangemcheka, ama wangemwamini. Sijui lipi lingekuwa baya zaidi kwa Reiko.

Mimi nimefundishwa kutafuta ushahidi ndani ya matini, na Another ni matini ambayo maandishi yote ndani yake yanaweza kuwa yamebadilishwa. Kwa hiyo kila nikiirudia natafuta vitu ambavyo laana haikujisumbua kuvirekebisha. Nimepata viwili. Cha kwanza ni dawati: darasani yalitosha kwa sababu aliyezidi hakuwa mwanafunzi, lililopungua lilikuwa kwenye chumba cha walimu, na wanafunzi waliokuwa wakihesabu viti vyao kwa hofu kila mwaka hawakuwa na sababu ya kwenda kuhesabu huko.

Cha pili ni ndege. Babu na bibi yake Koichi wana ndege anayeiga maneno ya watu, anaitwa Rei, na kutwa anarudia: kwa nini, Rei-chan, kwa nini. Koichi anadhani anajiuliza mwenyewe. Reiko hampendi. Ndege huyo alinunuliwa miaka miwili nyuma, nyumba ikiwa na msiba, na maneno hayo aliyaokota kwa wazee waliokuwa wakimlilia binti yao. Laana ikaja ikawafuta wazee kumbukumbu ya msiba, ikafuta kaburi, ikafuta karatasi. Asubuhi Reiko anatoka kwenda kazini, babu na bibi wanakunywa chai, na ndani ya tundu ndege anaendelea kuwarudishia kilio ambacho hawakumbuki kwamba walikilia.